UONGOZI NI AMANA: MITI, MAJI NA SISI WANAFUNZI WA URU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka mwingine tukiwa na afya na nguvu za kushika kalamu. Sisi ni wanafunzi wa madrasa hii ambao asubuhi tuko sekondari na jioni tuko hapa na misahafu yetu. Safari hii tumeona tuandike juu ya jambo lililotushughulisha kuliko hata mtihani wa moko, nalo ni uongozi wa wanafunzi na utunzaji wa mazingira. Huenda mzazi akauliza, miti inahusiana nini na madrasa? Tunamwomba atusome hadi mwisho.

Uru yetu

Uru iko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, kati ya Kibosho na Old Moshi. Kata zake ni Uru Kusini, Uru Kaskazini, Uru Mashariki na Uru Shimbwe. Mgeni akipita barabarani hudhani yuko msituni, kumbe yuko katikati ya mashamba ya watu. Chini kuna kahawa, juu yake migomba, na juu ya migomba kuna miringaringa, miruka na migrevilea. Hicho ndicho kihamba. Wazee wetu walijua kwamba kahawa inataka kivuli, ng'ombe anataka majani na mama anataka kuni, na vyote hivyo vitoke pale pale pasipo kuumiza ardhi.

Kati ya vihamba imepita mifongo, yaani mifereji ya asili ya kuteremsha maji kutoka korongoni. Zamani kila mfongo ulikuwa na msimamizi na zamu zake, na asiyetokea siku ya kusafisha alitozwa faini. Kwa hiyo uongozi wa mazingira haukuletwa Uru na semina. Ulikuwapo kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Watu wengi wanapozungumzia Kilimanjaro husikitikia barafu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1912 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya robo tatu ya barafu ile ilikwisha toweka. Lakini wataalamu wanatueleza kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito yetu hutokana na msitu, unaonasa mvua na ukungu na kuyaachia maji polepole. Maji ya mto Rau huteremka hadi mashamba ya mpunga ya Moshi chini, na mito ya mlima huu huungana kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, ambako huzungusha mitambo ya umeme kabla ya kufika baharini. Hivyo anayekata mti ovyo huku juu huenda anamzimia taa mtu asiyemjua.

Cheo ambacho hakikuwa na wagombea

Kila mwaka shuleni kwetu hufanyika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Wagombea hujaza fomu, walimu huwafanyia usaili, kisha kampeni huanza na kura hupigwa. Kila mtu anataka awe kaka mkuu au dada mkuu. Wakikosa hapo hutaka ukiranja wa taaluma, wa chakula au wa michezo. Kiranja wa mazingira huwa wa mwisho. Wenzetu humwita "kiranja wa fagio", maana kazi yake ni kugawa zamu za usafi, kukagua vyoo na kuwaandika waliochelewa kumwagilia maua.

Mmoja wetu alipochukua fomu ya mazingira, alichekwa. Alishinda kwa kuwa hakuwa na mpinzani. Tulipomweleza ustadhi wetu, alitukumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Akasema Mtume (S.A.W.) hakutenga uchungaji mdogo wala mkubwa. Basi tukakubaliana kwamba kazi ile ni yetu sote, jina tu ndilo la mmoja.

Miche na mbuzi

Tulianza kwa kukagua miti iliyopandwa miaka ya nyuma. Kila mwaka wageni walifika, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa na miche ikapandwa mistari kwa mistari. Mvua zilipokwisha, hakuna aliyekuwa na jukumu la kuimwagilia. Tulikuta mashimo mengi na vijiti vikavu.

Kwa hiyo hatukuomba miche mingi. Tuliomba michache, na kila mkondo ukapewa kumi. Tulifungua daftari moja la kuandika kila mche umepandwa lini, ni zamu ya nani na hali yake ikoje kila Ijumaa. Wanaokaa karibu na shule walichukua zamu za likizo. Na hapa madrasa tulichimba mfereji mdogo wa kupeleka maji ya udhu kwenye miche iliyo nyuma ya jengo, ili maji yasipotee bure. Tulisoma kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kipimo kisichofika hata lita moja. Tukajaribu kwa kopo. Wadogo zetu wa darasa la juzuu Amma walidhani haiwezekani. Sasa wanashindana nani atabakiza maji mengi.

Tatizo likawa mbuzi. Tulimwendea mzee jirani ambaye mbuzi wake huvuka mpaka wa shule.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Mmekuja kunishtaki?"

"Hapana babu, tumekuja kuomba ushauri. Tumeweka kibao lakini miche inaliwa."

Akacheka. "Mbuzi hajui kusoma kibao chenu. Wekeni miiba, na nyuma ya miiba pandeni masale."

Siku ile ile alitukatia vipande vya masale kwenye mpaka wa kihamba chake. Mzee yule si Mwislamu, na wengi tuliofanya nao kazi ile shuleni ni Wakristo. Hakuna aliyeuliza mche huu ni wa dini gani.

"Hatuli kivuli"

Mtihani mkubwa ulikuja muhula wa pili. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka, na sufuria la uji limeongezeka nalo. Kuni zimekuwa ghali. Katika kikao cha shule likatolewa wazo la kukata miringaringa mizee iliyo kando ya mfongo, chini ya uwanja wa mpira. Baraza la wanafunzi likaombwa maoni.

Ndugu wasomaji, ni rahisi kusema "usikate mti" ukiwa umeshiba. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alisimama barazani akasema, "Sisi hatuli kivuli." Watu walimpigia makofi, na hatukuweza kumlaumu. Wapo wanaotembea mwendo mrefu kabla ya jua kutoka, na uji wa saa nne ndicho chakula chao cha kwanza. Yeye alikuwa akitetea matumbo, nasi tulikuwa tukitetea maji. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Ustadhi alituasa kwamba kiongozi asipeleke lalamiko lisilo na dawa, wala asimpinge mkubwa wake kwa makelele. Tukakaa siku tatu tukihesabu. Vihamba vingi vina migrevilea ambayo hupogolewa kila mwaka, na matawi mengine huoza tu. Tukapendekeza kila nyumba ilete mzigo mmoja kwa muhula, zikaushwe kwenye kibanda, na jiko la shule lijengwe upya liwe jiko sanifu lisilokula kuni nyingi.

Mwalimu mkuu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mwezi wa nne, mvua zikinyesha na kuni zikiwa mbichi, nitawapikia nini?" Tulijibu kwamba kibanda kijae kabla ya masika. Uamuzi ukawa hivi: mringaringa mmoja uliokwisha oza ukatwe, iliyobaki ipewe mwaka mmoja.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalikuwa mteremko. Zipo nyumba ambazo hazikuleta mzigo. Zipo siku uji ulichelewa, na kiranja wetu akasikia maneno. Lakini miringaringa ile imesimama hadi tunapoandika, na mfongo chini yake una maji. Januari shauri lile litarudi kikaoni. Tunajua serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Inshaallah gesi itafika jikoni kwetu. Hadi siku hiyo, kila mzigo wa matawi ni muda tunaoununulia mti.

Wanafunzi si wadogo

Msidhani vijana hawawezi. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana jijini Dar es Salaam nyumbani kwa Dkt. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, na hapo ukazaliwa mpango wa Roots & Shoots ambao leo umeenea nchi nyingi duniani. Jirani zetu Kenya, Profesa Wangari Maathai alianza kupanda miti na akina mama mwaka 1977, akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Na mlima ulipoungua Oktoba 2020, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, majirani zetu, walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima moto.

Kwa Waislamu tunao mfano wa kisiwa cha Misali, Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi wa huko walielimishwa kwa mafundisho ya Qur'an kwamba bahari ni amana na kuvua kwa baruti ni kufanya uharibifu katika nchi. Neno la dini liliwafikia mahali ambapo amri peke yake haikufika.

Nasaha zetu

Dini yetu inafundisha kwamba anayepanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Inafundisha pia kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi una mche, ukiweza kuupanda basi uupande. Kwa hiyo tunawaomba:

Wadogo zetu, msidharau cheo chochote mtakachopewa, hata kama ni cha fagio.

Wenzetu wa kidato cha nne, mnapoondoka msiondoke na daftari. Mkabidhini wa kidato cha tatu mbele ya mashahidi, maana mche hauhitimu pamoja nanyi.

Wazazi wetu, mnapopogoa migrevilea, kumbukeni mzigo mmoja wa shule. Huo nao ni sadaka, na mlaji wake ni mtoto wenu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wema, atunyeshee mvua za kheri, na ailinde ardhi hii tuliyoazimwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.