D90 ya mjomba au P900 ya binamu?

Nimerudi chuo tangu Jumapili, ratiba ya semina imeshabandikwa na watu wameanza kuulizana desa kama kawaida. Wengi mmeniuliza habari za fildi Tanga, lakini swali lililozidi yote ni hili: "Ile kamera yenye lenzi kama bomba tuliyoiona kwenye picha zako, umeinunua?" Jibu ni hapana. Nilipewa nafasi ya kubadilishana na yangu, tena bila kuongeza hata shilingi, nikakataa. Binamu yangu alinitazama kama mtu aliyesusa pilau ya Idi. Leo nawaeleza kwa nini.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Yangu ni Nikon D90, kamera ya mwaka 2008, DSLR ya kwanza iliyoweza kurekodi video. Mjomba aliifanyia kazi za harusi Ngamiani miaka mingi, kisha akahamia shambani Muheza na kuniachia mimi pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 105. Mpira wa pembeni umebanduka, nimeubandika kwa gundi ya viatu. Ya binamu, mtoto wa shangazi anayefanya kazi Muscat, ni Nikon P900 iliyotoka mwaka 2015. Ni ile jamii ya supazumu: kwa umbo inafanana na DSLR, ila lenzi yake haitoki, imefungwa humo humo, na inavuta mara 83. Kwa kipimo cha zile kamera za filamu inaanzia 24 na kufika 2000. Ya mjomba kwa kipimo hicho hicho inaishia 157 hivi. Yaani ya binamu inafika mbali karibu mara 13 kuliko yangu. Na wala usidhani ni jiwe la kubeba: ina gramu kama 900, wakati D90 na lenzi yake ni kilo moja na ushee.

Sasa binamu alitaka DSLR ili ajifunze kubadilisha lenzi, akaona kwa nini asinisaidie mdogo wake. "Chukua hii mpya, nipe hilo kongwe." Mkisikia hivyo mnaona ni zali. Lakini mnajua kamera yangu si pambo. Bumu likichelewa ndiyo inayonilisha. Tanga kuna shughuli za kina mama watupu, za hina na za kumpamba bibi harusi, ambako mpiga picha mwanamume haingii. Mimi naingia. Ramadhani ikiisha harusi zinafululizana, na kazi za wiki mbili tu zinanipa chakula cha muhula na hela ya kuchapa ripoti. Kwa hiyo hapa sikuwa nachagua midoli, nilikuwa nachagua chakula. Nikamwambia kaka, niachie siku kumi nizitumie zote mbili, kisha nitakujibu.

Siku ya kwanza P900 ilinimaliza. Nilikaa pale Raskazone jioni, yangeyange ametua juu ya mlingoti wa ngalawa iliyo mbali kabisa, nikavuta, nikavuta, mpaka nikaona rangi ya jicho lake. D90 kwa ndege yule yule ilinipa nukta nyeupe juu ya kijiti. Hapo nilikuwa nimeshaanza kufunga mkoba wa mjomba kumpa binamu, hehehe.

Nikaenda nayo shule. Kama mnavyojua mimi ni wa Jiografia na Kiswahili, na darasa langu la fildi lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60 na kitabu kimoja kwa wanafunzi wanne. Tulikuwa kwenye mfumo wa jua. Nikasubiri siku ambayo mwezi umefika robo ya kwanza, kwa sababu siku hizo unachomoza karibu na saa sita mchana na saa kumi jioni upo juu, unaonekana kabisa kwenye anga la bluu. Baada ya vipindi tukatoka uwanjani, nikaiweka P900 kwenye stendi ya miguu mitatu, wakapanga foleni kuangalia kioo cha nyuma. Kwa P900 mwezi mzima unachukua kama asilimia 70 ya kimo cha picha. Kwa D90 na lenzi ya mjomba, ni kama asilimia 6 tu, punje ya mchele. Binti mmoja ambaye muhula mzima sikuwahi kumsikia sauti akauliza, "Mwalimu, mbona mashimo yanaonekana vizuri hapa katikati tu, kule kwenye mwanga hayaonekani?" Jamani! Kwenye ule mstari wa giza na mwanga, jua linamulika kwa pembeni, kwa hiyo kila shimo linatupa kivuli kirefu. Kule kwingine jua linapiga kutoka juu, vivuli vinakuwa vifupi. Kitabu hakikuwahi kuniletea swali kama lile. Kwa kazi ya ualimu P900 ilishinda, na sikupunguzii hata maksi moja.

Siku ya tatu tukaenda Tongoni mimi na binamu, njia ya Pangani, chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Pale kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yapatayo 40, mengine ya nguzo, ya enzi za karne ya 14 na 15. Jua lilikuwa la saa tano, kali. Nilipiga kaburi lile lile kwa kamera zote mbili, usiku nikazitazama kwenye simu. Sikuona tofauti. Nawaambia ukweli: mchana kweupe, picha za kuweka kwenye simu, msigombane kuhusu kamera. Yoyote inatosha.

Tofauti ya Tongoni haikuwa ya picha. Maji yalikuwa yamekupwa, kina mama wako mbali huko mwambani wanatafuta pweza na chaza. Binamu akalenga, akavuta mpaka mwisho. Akapata mama mmoja ameinama, kanga kaipandisha magotini, jasho linamtoka, sura yote iko wazi. Picha nzuri, siwezi kusema si nzuri. Binamu akafurahi, "Ona, hata hajui kama anapigwa!" Mimi hilo neno ndilo lililonikaa. Kule kwenye hina napewa mlango kwa sababu wale kina mama wanajua ninapopiga, na mimi najua wapi nisipige. Nikamwomba kaka tusiondoke. Tukakaa kivulini zaidi ya saa nzima mpaka maji yakaanza kujaa na kina mama wakarudi. Tukaamkia, tukauliza habari za pweza, binamu akamwonyesha ile picha. Yule mama akacheka sana, halafu akasema, "Ifute hiyo mwanangu, miguu yangu yote iko nje. Nipige na pweza wangu hapa." Akashusha kanga, akajitanda vizuri, akamnyanyua pweza kama kombe la mashindano. Nilimpiga kwa D90 nikiwa hatua mbili mbele yake. Binamu akaifuta ile ya kwanza mbele ya macho yake.

Sitaki kuisingizia kamera. P900 haimwibii mtu sura, mkono ndio unaoiba, na ningeweza kusogea karibu na P900 vile vile. Lakini lenzi fupi haikupi ujanja mwingine. Kama unataka uso wa mtu itabidi umfuate, na ukimfuata mtu mzima wa pwani itabidi umwamkie kwanza.

Siku ya saba ndiyo iliyoamua. Nilikuwa na kazi ya hina Chumbageni, usiku, sebuleni, taa moja ya katikati na vile vitaa vya rangi vya mapambo. Nikabeba zote mbili.

Hapa naomba niwe mwalimu kidogo. Ndani ya kamera kuna kibapa kinachopokea mwanga, ndiyo sensa. Ya D90 ina milimita 23.6 kwa 15.8. Ya P900 ni takriban 6.2 kwa 4.6. Zidisheni wenyewe: eneo la ile ya D90 ni kama mara 13 ya ile ya P900. Mnaikumbuka ile 13 ya mwanzo? Ndiyo hiyo imerudi kudai chake. Waliifanya sensa ndogo makusudi, maana bila hivyo ule uvutaji usingewezekana. Lenzi ya P900 ikivutwa hadi mwisho ni milimita 357 halisi. Kwa sensa ya D90 ungehitaji lenzi ya zaidi ya milimita 1,300 kuona umbali huo huo, na lenzi hiyo huipandishi kwenye daladala. Kwa hiyo ulichopewa kwenye umbali umekatwa kwenye mwanga.

Chukulia beseni na kikombe, viweke uani mvua inyeshe. Ikiwa masika, hata kikombe kinakupa maji ya kunywa. Yakiwa manyunyu, beseni linakusanya ya kunawa uso, kikombe kina matone. Jua la Tongoni ni masika. Sebule ya Chumbageni ni manyunyu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Niliziweka zote kwenye ISO 1600. D90 ilitoa punje punje kidogo, lakini maua ya hina kwenye viganja vya bibi harusi yalibaki na kila kijistari alichochora mpakaji. P900 ilijitahidi kufuta punje, na katika kufuta ikaichafua hina, vijistari vikaungana kama mtu kafuta kwa kitambaa kibichi. Yule dada alikaa saa nne hajagusa kitu ili hina ishike. Huwezi kumpelekea picha hiyo halafu ukadai hela. Tena D90 ina sehemu ya juu ya kuchomeka flashi kubwa, naigeuzia darini mwanga unarudi laini. P900 ina flashi yake ndogo tu, ya kumpiga mtu usoni. Betri ya D90 kwa kipimo cha kiwandani ni picha kama 850, ya P900 kama 360, na umeme ukikatika katikati ya shughuli utaijua maana ya hesabu hiyo. Mwisho, D90 inatoa faili ghafi nikazirekebisha rangi baadaye, P900 inatoa JPEG tu.

Halafu kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka kungwi alipolisema. P900 ina Wi-Fi, picha inaruka kwenda kwenye simu papo hapo. Nilipoitoa, akauliza, "Hiyo inarusha?" Nikamjibu ndiyo, ila naweza kuizima. Akasema, "Na ile ya siku zote?" Nikamwambia ile hairushi, haina hicho kitu. Akasema, "Basi tumia ile." Sikubishana. Nikimaliza kazi huwa natoa kadi, tunahamisha picha kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, nafuta kadi mbele yao. Ukongwe wa D90, ambao binamu anaucheka, mle ndani ndio unaomfanya bibi harusi avue mtandio bila wasiwasi.

Nikampa kaka jibu siku ya kumi: asante, lakini hapana. Alinuna hadi chakula cha jioni, kisha akaniachia P900 wiki mbili zaidi nimalizie nayo fildi. Darasa likaona tena mwezi ulipokaribia kujaa, na yule binti mwenyewe akawaeleza wenzake kwa nini safari hii mashimo yamepotea.

Kwa hiyo mnaotaka kununua, msiniulize ipi kali. Jiulizeni unachokipenda kiko mbali au kiko gizani. Kama ni ndege, mwezi, mechi za uwanjani mchana, chukua supazumu ukalale salama. Kama ni harusi, mahafali ya ukumbini, watoto wasiotulia, DSLR kongwe ya bei nafuu itakulipa. Ukinunua ya mkononi, chungulia lenzi kwenye mwanga uone kama haina kuvu, maana unyevu wa pwani haubembelezi. Mimi naweka ndani ya mkoba vile vifuko vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Sasa naweka akiba ya lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye f/1.8. D90 ina mota ndani ya mwili wake, kwa hiyo hata zile za kizamani zisizo na mota inazilenga yenyewe. Ikiwa imefunguliwa yote inapitisha mwanga karibu mara 10 kuliko ya mjomba ikiwa kwenye f/5.6. Hapo sebule za Chumbageni zitanikoma.

Nakimbia, nina semina ya saikolojia ya elimu saa nane na sijasoma hata ukurasa. Mwenye desa anishtue.