Mwombe barua anayekujua, si mwenye jina kubwa

Kama uliwahi kusimama nje ya ofisi ya chifu tangu alfajiri ukisubiri muhuri, basi haya nitakayokusimulia hayatakuwa mageni kwako.

Mimi ni mzaliwa wa Chwele, kaunti ya Bungoma, kule chini ya Mlima Elgon ambako vitunguu, nyanya na ndizi hupakiwa kwenye malori kupelekwa miji ya mbali. Kwetu barua ya kumpendekeza mtoto ni jambo la kawaida. Fomu ya basari haifiki mbali mpaka chifu atie sahihi, mwalimu mkuu atie sahihi, na pasta au padri naye aseme kwamba kweli mtoto huyu ni mhitaji. Maneno yaliyoandikwa hayasomwi sana. Kinachotazamwa ni muhuri.

Mwezi Machi mwaka huu, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Marekani. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya biolojia, na anasoma kwa ufadhili. Mama yake, dada yangu, huuza vitunguu sokoni Chwele. "Khocha," akaniita, kama sisi Wabukusu tunavyomwita mjomba, "nataka kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Wanataka barua tatu za wahadhiri. Sijui nimwombe nani."

Hapa kwetu mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne hahitaji barua yoyote ili kusomea udaktari. Shirika la KUCCPS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012 na kuchukua kazi ya iliyokuwa JAB, hutazama alama za KCSE na idadi ya nafasi zilizopo, basi. Marekani mambo ni tofauti. Mtu husoma shahada ya kwanza miaka minne, hufanya mtihani uitwao MCAT, kisha hutuma maombi pamoja na barua za walimu wake. Vyuo vingi hutaka mbili kutoka kwa wahadhiri wa sayansi na moja kutoka kwa mhadhiri wa somo lingine. Tena kwa asiye raia mlango ni mwembamba, kwa kuwa vyuo vingi vya udaktari kule havipokei wageni kabisa. Kwa hivyo barua moja dhaifu inaweza kumfungia mtoto mlango wa mwisho.

Mpwa wangu alikuwa na watu wawili akilini. Wa kwanza alikuwa profesa mwenye jina, mwandishi wa vitabu. Alisoma kwake katika ukumbi wa wanafunzi zaidi ya mia mbili akapata A, lakini hawakuwahi kuzungumza hata mara moja. Wa pili alikuwa mhadhiri kijana wa kemia ambaye hata uprofesa kamili hajaupata. Huyu ndiye aliyempa C+ mwaka wa kwanza. Msichana alilia, kisha akaanza kwenda ofisini kwake kila wiki na maswali yake. Muhula uliofuata alama zikapanda, na mwaka wa tatu mhadhiri akamchukua kufanya kazi katika maabara yake.

Jioni hiyo tulizungumza wote kwa simu. Dada yangu hakuona tatizo lolote. "Mkubwa ni mkubwa," alisema. "Barua ya chifu na ya naibu wa chifu zinalingana wapi? Na huyo wa C+ si ataandika kwamba ulianguka?" Kaka yetu mkubwa akaongeza kwamba angemwona mheshimiwa mbunge, na askofu pia, ili wasaidie.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo sikuwahi kuwaambia.

Nilipokuwa nikimaliza diploma yangu ya uandishi wa habari, niliomba nafasi ya mafunzo ng'ambo. Nilikuwa na mwalimu aliyesahihisha habari zangu kwa kalamu nyekundu miaka miwili, akanijua kuliko nilivyojijua. Sikumwomba yeye. Nilimwendea bwana mmoja mkubwa, nikangoja wiki tatu nje ya ofisi yake, mpaka katibu wake akanipa bahasha. Kwa kuwa haikuwa imefungwa vizuri, niliisoma ndani ya matatu. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba mimi ni "binti mwenye nidhamu". Msomaji, mimi ni mwanamume. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa kesho yake, nikaituma vivyo hivyo. Sikujibiwa hadi leo.

Nilipowasimulia, walicheka sana, kisha wakanyamaza. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilisafiria, nikapotea.

Nikamwambia mpwa wangu awaendee wote wawili na kuwauliza swali moja waziwazi: "Je, unanijua vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Profesa mkubwa alimjibu kwa uungwana kwamba angeandika, lakini hangekuwa na la kusema zaidi ya ile alama ya A. Kwa jibu hilo alimsaidia kuliko alivyojua. Mhadhiri wa kemia alimwomba wasifu wake na maelezo ya kwa nini anataka udaktari, kisha akakaa naye karibu saa nzima akimuuliza maswali. Mmoja alishuhudia alama, mwingine alishuhudia mtu akianguka na kuinuka. Daktari atakutana na mengi ya kumwangusha, na wanaomchagua wanataka kujua atainukaje.

Barua ya pili aliiomba kwa mhadhiri wa biolojia aliyemfundisha darasa la watu kumi na wawili, na ya tatu kwa mwalimu wa historia.

Likabaki jambo moja lililomsumbua dada yangu. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1974 humpa mwanafunzi haki ya kusoma yaliyoandikwa juu yake, lakini waombaji wengi hutia sahihi kuiacha haki hiyo, kwa kuwa barua ambayo mwombaji hawezi kuisoma huaminiwa zaidi. Mpwa wangu alitia sahihi. "Yaani watamsema mtoto wangu naye asijue?" mama akauliza.

"Mama," binti akamjibu, "mtu akija kukukopa gunia la vitunguu, unamuuliza yeye kama ni mwaminifu, au unamuuliza jirani yake yeye akiwa hayupo?"

Dada yangu aliguna. "Jirani," akasema. Hoja ikaishia hapo.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu huenda hutafika Marekani. Lakini ukitaka shahada ya pili hapa nchini, au ufadhili wowote, utaulizwa majina ya walimu wawili au watatu. Usingoje mwaka wa mwisho. Katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu hakuna atakayekujua usipojitokeza, kwa hivyo tangu mwaka wa kwanza peleka maswali ofisini, hasa katika somo linalokushinda. Ukihitaji barua, omba mapema, miezi miwili kabla. Mpe mwalimu wasifu wako, alama zako na tarehe ya mwisho kwa maandishi. Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine. Mkumbushe kwa adabu wiki mbili kabla ya tarehe. Na matokeo yakija, mema au mabaya, rudi umwambie.

Nanyi wazazi, msikimbilie kwa mheshimiwa. Mbunge hajawahi kumwona mtoto wako akishika chupa ya maabara.

Barua zote tatu zimekwisha kutumwa. Majibu bado. Kila siku ya soko dada yangu hunipigia simu kuuliza, nami humwambia tungoje. Juzi aliniuliza jina la yule mhadhiri wa C+, akaliandika kwenye daftari lake la wadeni. Anasema hata asipochukuliwa mtoto, huyo bado tuna deni lake.