Pampu, Simu na Swichi ya Ukutani

Wasomaji wetu huenda wakastaajabu kumwona mwalimu wa chuo cha Kurani, tena aliyeishia darasa la saba, akiandika habari za kompyuta. Hatuandiki kwa ujuzi. Twaandika kwa kuwa usiku mmoja mama yetu mzazi, naye yu mgonjwa, alitaka maji ya kuoga, na nyumbani hapakuwa na tone, hali tangi la chini limejaa.

Maji ya bomba kwetu hayana nguvu ya kupanda. Huingia tangi la chini, kisha pampu huyapandisha darini. Mpwa wetu alituwekea kompyuta ndogo, kiasi cha pakiti ya karata, na ndani yake programu huria, yaani zile ambazo watu wa nchi mbalimbali huziandika kwa kujitolea na kuzitoa bure. Kidude kilichomo tangini hupima maji, na yakipungua pampu hujiwasha. Swichi ya zamani aliing'oa ukutani, akasema haina kazi tena. Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda vyema, nasi tukajisifu kwa majirani.

Usiku huo mpwa wetu alikuwa safarini. Tulifungua simu tukakuta ukurasa umebadilika sura, kwani toleo jipya lilikuwa limeingia. Picha ya pampu ilikuwa imepauka, rangi ya kijivu, na chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya "haipatikani". Nini hakipatikani? Pampu? Maji? Umeme? Tulibonyeza mara kumi, kimya. Tulimpigia simu, naye yumo ndani ya basi, akatuelekeza tufungue faili la maagizo tuandike upya mistari miwili. Saa nzima tulihangaika, na kila mara tukajibiwa kwa maandishi mekundu. Mwisho tuliazima ndoo mbili za maji kwa jirani, yule yule tuliyemjisifia.

Kesho yake twalionyeshwa makosa yetu. La kwanza ni nafasi moja tupu mwanzoni mwa mstari. Katika uandishi ule, uitwao YAML, nafasi tupu ndizo zionyeshazo neno lipi ni mtoto wa neno lipi. Ukizidisha moja, ukoo mzima umevurugika. La pili ni ajabu zaidi: neno "on", yaani "imewashwa", lisipotiwa ndani ya alama za kunukulia, kompyuta hulisoma kuwa "kweli", na agizo likakosa maana. Sisi tuliowakemea watoto miaka thelathini kwa nukta moja iliyozidi juu ya te ikageuka the, hatukuwa na la kusema. Lakini mtoto wa chuoni huonyeshwa nukta ile kwa kidole. Sisi hatukuonyeshwa ila wekundu.

Mpwa wetu aliporudi tulimkaripia. Akajibu kwa adabu: "Mjomba, watu hawa wengi wao hawalipwi. Huandika usiku, baada ya kazi zao. Mtu akikupa bure utamgombeza?"

Jawabu hilo lilituchoma, kwani nasi twafundisha kwa ada isiyotosha sukari. Tulilala nalo siku mbili. Kisha tukajiuliza: mzazi asipolipa, je, twaruhusiwa kumfundisha mwanawe ovyo? Twaona ubaya haumo katika kujitolea. Mwenye kuunda kitu hukiunda kwanza kwa ajili ya nyumba yake, naye ajua kila neno lilipo. Kwake yeye kijivu kile chatosha. Nasi tuliohifadhi twasahau jinsi alifu ilivyotushinda.

Programu za namna hii ni nyingi, na ile ya nyumbani kwetu hatutaitaja. openHAB ilianzishwa na Kai Kreuzer wa Ujerumani mwaka 2010. Home Assistant ilianzishwa na Paulus Schoutsen, Mholanzi, mwaka 2013. Insafu yataka tuseme kuwa hali imesogea mbele. Zamani mambo mengi ya Home Assistant yaliandikwa kwa mkono. Leo aghalabu hubonyezwa tu, na mwaka 2024 zililetwa kurasa ambazo mtu huzipanga kwa kuburuta kwa kidole. Agosti mwaka huo huo, lile walilokuwa wakiliita "huduma" wakaliita "kitendo", ili lieleweke zaidi. Ni kheri, ila aliyekwisha kujifunza la kwanza hana budi kuanza tena.

Mpwa wetu ameirudisha swichi ukutani. Na simuni, palipokuwa na jina refu la Kiingereza lenye tarakimu, ameandika "Pampu ya maji". Kisha alimpa mama simu, akanyamaza akimtazama. Mama alilibonyeza jina, wala si picha. Pakafunguka mchoro wa siku nzima.

"Na hii nini tena, mjukuu wangu?"

Hayo yote aliyaandika kwa Kiingereza akawapelekea walioiunda programu. Baada ya siku nne mmoja wao alijibu, akashukuru, akauliza: bibi huyo alitazamia kuona nini alipolibonyeza jina?

Tumemuuliza mama. Asema alitazamia maji.