Kumwambia Mwenzio Ukweli wa Picha Yake

Zamani picha ilikuwa kitu cha arusi na cha hati ya safari. Mtu alivaa nguo zake njema, akaenda mjini kwa mpiga picha, akaketi mbele ya pazia, na baada ya juma moja akarudi kuichukua karatasi yake. Siku hizi simu imeingia karibu kila nyumba, na mwenye simu ndiye mpiga picha. Twapiga picha ya mtoto anayeanza kutambaa, ya ng'ombe aliyezaa, ya mahindi yaliyolazwa na upepo. Na wengine wetu tumeanza hata kuielekeza kamera juu wakati wa usiku, ili tupate nyota. Na kila apigaye picha humwonyesha mwenzake na kumwuliza, "Waionaje?" Jawabu tulisikialo mara nyingi ni neno moja tu: "Nzuri." Twataka kusema machache juu ya jawabu hilo, maana tumekwisha kuiona hasara yake.

Sisi tu walimu wanne wa milima ya Usambara. Hatukusomea kazi ya kupiga picha, wala hatupati fedha kwayo. Wawili wetu wana kamera kuukuu, na wawili wana simu tu. Kila mwezi, Jumamosi iliyo karibu na kuandama kwa mwezi, wakati usiku una giza la kutosha, hukutana barazani kwa mmoja wetu. Jua lingalipo twatazama picha za mchana za kila mmoja; giza likiingia twatoka nje kujaribu picha za anga. Sababu ya kukutana ni ile waliyoisema wazee, ya kwamba kinyozi hajinyoi. Mwenye picha akiitazama picha yake, huona pamoja nayo baridi ya usiku ule, na sauti za watu, na furaha aliyokuwa nayo. Na hayo yote hayamo katika picha. Mwenzake huona yaliyomo tu. Kwa hiyo jicho la mwenzio ni chombo cha kazi, kama ilivyo lenzi yenyewe.

Sasa tuseme jinsi neno "nzuri" linavyoweza kumdhuru mtu. Mwaka jana, masika yalipokuwa yakiisha, alitujia jirani mmoja aliyefiwa na mama yake. Alipenda sana kupiga picha, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa amewapiga watu wa nyumbani kwake. Siku ya msiba ndugu zake walitaka picha moja ya mama ya kuwekwa katika fremu. Akatafuta katika simu yake, akapata picha tano. Katika zote tano mama ameketi mahali pake pa desturi, mgongo ukielekea dirisha. Maua ya pazia yaonekana vema, na mgomba ulio nje waonekana vema, bali mama ni kivuli cheusi chenye kilemba. Alituuliza kama twaweza kuutoa uso. Tulijaribu tulivyoweza, tukapata uso uliojaa chembechembe kama mchanga, usio na macho. Akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Picha hizi niliwaonyesha watu zaidi ya kumi. Wote walisema nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, geuza kiti."

Geuza kiti! Maneno mawili tu yalitosha. Kamera haimjui mama wala haijui dirisha. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani wake. Dirisha likiwaka sana, kamera hudhani kwamba mambo yote yamezidi kung'aa, ikapunguza mwanga. Ndipo dirisha hupona na uso huzama. Hasara hii ni kubwa zaidi kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, hasa mtu akivaa nguo nyeupe au akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Dawa yake haina gharama. Mgeuze mtu alielekee dirisha, au mweke kivulini mlangoni uso ukitazama nje. Na kama haiwezekani kumhamisha, katika simu nyingi waweza kuugusa uso wake kwa kidole juu ya kioo, kisha ukakipandisha kialama cha jua mpaka uso uonekane. Waliomsifu jirani yetu hawakuwa watu wabaya. Waliona haya kumsahihisha mtu aliyefurahi. Lakini haya yao ilimgharimu uso wa mama yake, na uso huo haupigwi picha mara ya pili.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba ukali ni bora kuliko sifa za bure. Mwalimu mmoja kijana alileta picha yake ya kwanza ya anga. Alikuwa amekipiga Kilimia, zile nyota zilizokusanyika pamoja ambazo wazee walizitazama ili wajue majira ya kulima. Mgeni mmoja aliyekuwapo jioni ile aliitupia jicho, akacheka, akasema, "Umepiga picha ya blanketi jeusi." Watu wakacheka pamoja naye. Kijana akaizima simu yake, na kwa miezi minne hakuleta picha tena. Nasi tulipoitazama kwa makini baadaye, tuliona kwamba Kilimia kimo, kidogo sana, kimetikisika. Kasoro zilikuwa mbili tu, nazo zatengenezeka: aliishika simu mkononi, wala hakuiacha ipokee mwanga kwa muda wa kutosha. Ukali wa mgeni haukumfundisha lolote katika hayo. Yule aliyesema nzuri na yule aliyecheka wamefanana kwa jambo moja, ya kuwa hakuna hata mmoja wao aliyeitazama picha.

Kwa hiyo sisi wanne tumejiwekea taratibu, nazo twawapa wasomaji wazijaribu.

Kwanza, kabla ya kusema lolote, twamwuliza mwenye picha, "Mwalimu, ulitaka tuone nini?" Swali hili limetuokoa mara nyingi. Mmoja wetu alileta picha ambayo kila nyota ilikuwa kijimstari kilichopinda. Wawili wetu walikuwa tayari kumweleza kwamba dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na kwamba kamera ikiachwa wazi muda mrefu nyota huacha nyayo. Tulipomwuliza, alisema kwamba ndizo nyayo alizozitaka, ili awaonyeshe wanafunzi wake jinsi anga lionekanavyo kuzunguka. Basi kasoro yake ilikuwa nyingine kabisa. Alisubiri nusu saa, nayo humpa kipande cha digrii 7 na nusu tu; saa mbili zingempa digrii 30. Tena, huku kwetu tulio karibu digrii 5 kusini ya Ikweta, ile ncha ya kusini ambayo nyota huizunguka iko digrii 5 tu juu ya upeo, na kilima kilicho mbele ya nyumba yake kiliificha. Tulimshauri atafute mahali palipo wazi upande wa kusini, na asubiri zaidi. Kama tusingaliuliza, tungalimfundisha kuiharibu picha aliyoitaka.

Pili, twamwambia jicho letu lilikwenda wapi kwanza. Hatusemi kama ni vema au vibaya, twasema tu tulichokiona. "Mimi niliona kwanza ndoo nyekundu, ndipo nikamwona mtoto." Mara nyingi mwenye picha hushtuka, maana hakujua kama ndoo imo. Tangu hapo, kabla ya kupiga, hutazama pembe zote nne za picha.

Tatu, twataja kasoro moja, sababu yake, na jambo moja la kufanya kesho. Kasoro moja tu, hata zikiwapo saba. Maana mtu aliyepewa saba hurudi nyumbani na mzigo, asijue aanze na upi. Mathalani, nyota zikiwa na ukungu kama pamba, twasema: lenzi haikulenga sawasawa, kesho acha kuitegemea kamera ijilenge yenyewe gizani, itafute nyota iliyo kubwa, ukaizungushe lenzi kidogo kidogo mpaka nyota iwe nukta ndogo kuliko zote. Nyota zikiwa vijimstari bila kutakiwa, twampa kipimo kitumiwacho na wapigao picha za anga: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, na jawabu ni sekunde za kuiacha kamera wazi. Lenzi ya milimita 50 hupata sekunde 10, na ya milimita 24 hupata karibu 20. Kipimo hicho ni cha kamera za ukubwa wa filamu ya milimita 35. Zilizo ndogo hutaka sekunde chache zaidi. Na mwezi ukitokea kama sarafu nyeupe isiyo na alama, twaeleza kwamba mwezi waangazwa na jua, nao kwa kamera ni kama mawe ya mchana. Basi upunguziwe mwanga, usiongezwe, ijapokuwa ni usiku.

Nne, hatumtaki aifanye picha yake kuwa yetu. Mmoja wetu hupenda watu wakiwa kazini, mwingine hupenda miti mitupu. Mapenzi ya mtu si kasoro.

Tano, twauliza kama picha ni ya kweli. Simu za siku hizi hulainisha nyuso na kuzing'arisha bila kuagizwa. Mwenzetu alileta picha ya babu yake, naye babu hakuwa na kunyanzi hata moja, na lile kovu la shavuni, ambalo kijiji chote chalijua, lilikuwa limekwisha kufutwa. Tulimwambia, "Huyu si babu yako." Alitafuta katika simu mahali pa kuuzima ulainishaji huo, akaenda kumpiga upya, na babu mwenyewe alipoiona ya pili alisema, "Sasa ni mimi."

Pengine msomaji atauliza, je, mtu wa picha za nyuso na mtu wa picha za nyota wana nini cha kuambiana? Jawabu limo katika habari iliyotokea barani mwetu. Mwezi wa Septemba mwaka 1882 nyota kubwa yenye mkia ilionekana, kubwa hata watu waliiona mchana. Huko Cape Town alikuwako mtaalamu wa nyota, David Gill, mkuu wa nyumba ya kuangalia nyota. Alikuwa na darubini iendeshwayo kwa mitambo ya saa, ifuatayo mwendo wa anga. Bali katika kazi ya picha alihitaji msaada. Karibu naye, mahali paitwapo Mowbray, alikaa mpiga picha aliyeitwa Allis. Huyu alijua sahani za kioo na dawa zake, lakini kamera iliyosimama haiwezi kuifuata nyota. Basi wakaifunga kamera juu ya darubini, wakaifuata nyota ile, mara nyingine kwa zaidi ya saa moja. Picha zilipotoka, nyuma ya mkia zilionekana nyota nyingi mno. Gill akatambua kwamba anga zima laweza kuandikwa kwa picha. Kazi ilianza mwaka 1885. Sahani zikapelekwa Groningen katika Uholanzi, Jacobus Kapteyn akazipima, na orodha iliyotoka kati ya 1896 na 1900 ilikuwa na nyota 454,875. Na mwanzo wake ni watu wawili, kila mmoja akiwa na kile kilichompungukia mwenzake.

Limebaki neno kwa yule anayeambiwa, kwa maana naye ana wajibu wake. Kwetu, mwenye picha hajibu mpaka msemaji amalize. Asianze kusema, "Ilikuwa giza," au, "Simu yangu ni ya bei ndogo," kwani hayo twayajua. Akaijaribu shauri lile usiku uleule, au kesho yake, ndipo aje kubishana kama ana la kubishana. Yule kijana wa Kilimia alirudi kwetu baada ya mmoja wetu kumfuata nyumbani kwake na kumwambia kasoro zake mbili kwa upole. Alikwenda akailaza simu juu ya jiwe, kioo kikitazama chini na lenzi juu, akaiagiza ijipige yenyewe baada ya sekunde 10 ili kidole chake kisiitikise, akaiacha ipokee mwanga kwa muda mrefu kama iwezavyo. Akahesabu nyota sita za Kilimia katika picha yake, na nyingine ambazo jicho lake halikuziona.

Na jirani yetu aliyefiwa hakuacha kupiga picha. Sasa awazungukia wazee wa kijiji, mmoja baada ya mwingine, na neno lake la kwanza akiingia nyumbani mwa mtu ni kuomba ruhusa ya kugeuza kiti. Picha zake atuletea sisi kabla ya kuwapa wenyewe, na hutukasirikia tukisema "nzuri" bila kutaja sababu.

Basi, msomaji, mtu akikunyoshea simu yake na kukuuliza, "Waionaje?", usimjibu upesi. Ishike kwa mikono miwili, itazame pembe zote nne, mwulize alitaka uone nini. Ukiona jema, lisifu na utaje mahali lilipo. Ukiona kasoro, mwambie moja, kwa sauti ya ndugu, na umwambie la kufanya kesho, wangali hai wale anaotaka kuwapiga.