Nyumba Imsaidie Mzee Kukumbuka

Mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu huitegemea nyumba imwongoze. Mama yetu aliishi Bungoma zaidi ya miaka 40, akiijua nyumba yake hata gizani. Tulipomhamishia kwetu Kitale ili tumtunze, milango yote ikawa migeni kwake. Usiku alitafuta choo asikione, na kuchafuka nguo kukamuumiza kuliko maradhi yenyewe, kwani maisha yake yote alikuwa mtu wa tohara.

Baadhi ya jamaa walishauri apelekwe makao ya wazee. Sisi watoto wake tuliona kwanza tuibadilishe nyumba. Mlango wa choo tuliupaka rangi ya manjano iliyokoza, mingine ikafanana na ukuta. Zulia jeusi tuliliondoa, maana mgonjwa wa namna hii huweza kulidhania shimo. Kioo kilichomtisha tulikifunika. Taa ndogo huwaka njiani usiku kucha, na mswala wake wa Bungoma umetandikwa karibu na kitanda.

Huko Weesp, Uholanzi, kipo kijiji kizima cha wagonjwa hawa, De Hogeweyk, chenye nyumba zinazofuata maisha waliyoyazoea. Kwetu zilitosha rangi, taa na subira. Majina yetu humpotea mama, lakini stara yake imerudi.

Ndugu wasomaji, kabla ya kumhamisha mzazi, ifuateni usiku njia atakayoipita kutoka kitandani hadi chooni. Heshima yake imo katika hatua hizo chache.