Mtu wako hayuko London

Kila nyumba Mombasa ina mtu London. Uliza vizuri, utakuta huyo mtu hayuko London kabisa. Yuko Luton, yuko Milton Keynes, ama yuko mahali ambapo jina lake ukiandikiwa utalisoma mara mbili. Sisi huku tunasema London tu kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu mama akisema harusini "mwanangu yuko London", watu wanageuka kumwangalia.

Wetu yuko Market Harborough. Dadangu alienda 2023, kazi ya kutunza wazee. Tangu siku hiyo meseji ninazopata ni za aina moja: "Yakhe, niunganishe na mimi." Sasa leo nasema ninachokijua. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Kwanza, ni mahali gani huko? Ni mji mdogo wa soko. Chukua Mariakani, toa malori na jua, weka mvua. Mtu wa Mariakani ana soko lake na maduka yake, lakini akitaka kitu kikubwa anapanda matatu anashuka Mombasa. Harborough ni vivyo hivyo. Leicester iko kama kilomita 24, robo saa hivi kwa treni. London yenyewe ni kama saa moja kwa treni. Soko lao lipo tangu 1204. Katikati ya mji kuna jengo la shule la 1614 lililosimama juu ya nguzo za mbao, ili chini yake watu wauze siagi bila kunyeshewa. Dadangu alinitumia picha, nikamwambia hiyo ni baraza tu, wamejenga shule juu yake.

Halafu kuna hii iliyonichekesha. Thomas Cook, yule wa safari za watalii, aliishi Harborough. Mwaka 1841 alikuwa akitembea kwa miguu kwenda Leicester, akapata wazo la kukodi treni. Julai 5 mwaka huohuo akasafirisha watu kama 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, shilingi moja kila mtu. Kampuni yenye jina lake ikakua mpaka ikawa inaleta wageni kwenye hoteli zetu za pwani, kisha ikafilisika Septemba 2019. Kwa hivyo ule mji umetuletea watu miaka mingi. Sasa sisi ndio tunaenda kwao, ila hatuendi likizo.

Kazi yenyewe ni hivi. Dadangu haketi mahali pamoja. Anaenda nyumba hadi nyumba, kijiji hadi kijiji: huyu anamwogesha, yule anampa dawa, mwingine anampikia. Basi la vijijini ukilikosa, umekwisha, kwa hivyo lazima uendeshe gari. Leseni ya Kenya inakubaliwa miezi 12 tu. Baada ya hapo unafanya mtihani upya, wa kusoma na wa barabarani, kama hujawahi kushika usukani maishani. Na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Sisi saa hiyo ndiyo kwanza tunajipanga kushuka Lighthouse kula mihogo na viazi karai.

Lakini kilichomuumiza zaidi hakikuwa baridi. Alisema ni salamu. Huku kwetu huwezi kutoka Kizingo mpaka Mji wa Kale bila kuulizwa mamako hajambo, na bila mtu kwenda kusema alikuona. Tunalalamika eti watu wana umbea. Kule dadangu alikaa wiki nzima bila mtu kumtamkia jina lake isipokuwa wale wazee. Mmoja wao aliwahi kuja Diani zamani. Neno pekee analolikumbuka ni "jambo", na humwambia kila asubuhi. Dadangu anasema kuna siku hilo neno moja ndilo lililomtoa kitandani.

Kinachomwokoa ni Leicester. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, baraza la jiji la Leicester liliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaambia wasije huko. Walienda vilevile, maelfu. Leo siku yake ya mapumziko dadangu anapanda treni, anaenda kwa wajukuu wa wale walioambiwa wasije, anakula mihogo ya kukaanga. Wao wanaiita "mogo". Mara ya kwanza aliponipigia simu akiwa na sahani mbele yake, alikuwa analia na kucheka pamoja. Ndiyo maana nasema, ukienda mji mdogo, angalia mji mkubwa ulio karibu nao. Huo ndio utakaokuweka mzima.

Sasa tuje kwa wale wa "niunganishe". Mlango wenyewe umefungwa. Uingereza ilianza kutoa viza kwa watunza wazee wa kigeni Februari 2022. Machi 2024 wakakataza watu hao kuja na mke, mume au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje. Wauguzi waliosajiliwa wana njia yao, hiyo ni kando. Lakini mtu anayekuuzia kazi ya kutunza wazee Uingereza leo anakuuzia upepo.

Na bado wanauza. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo haikupatikana, na watu wanaona mtu kama mimi ndiye wa kwanza kusafirishwa. Ajenti mmoja alikuja nyumbani na faili la plastiki na akataka laki saba. Mamangu alishavua bangili zake za dhahabu, zile alizopewa na mamake siku ya harusi, akaziweka mezani. "Video zako hazilipi kodi, mwanangu. Nenda kwa dadako." Nilimpigia dadangu pale pale, nikaweka sauti juu. Akamuuliza ajenti maswali matatu tu: kazi iko mji gani, mwajiri anaitwa nani, na kijana akiachishwa kazi ana siku ngapi za kupata mwajiri mwingine? Yule bwana akajibu swali la kwanza: "London."

La tatu jibu lake ni siku 60. Yeye hakulijua. La pili alisema tutaambiwa tukishalipa.

Sijasema usiende. Dadangu anatuma pesa, mdogo wetu anasoma kwa hizo pesa, na akiamua kubaki kule ni haki yake. Nasema usipeleke dhahabu ya mamako kwa mtu asiyejua jina la mji anaokupeleka. Muulize maswali hayo matatu, na umuulize mbele ya mamako, ili asikie na yeye.

Bangili ziko mkononi mwake. Kodi ya mwezi huu nimeilipa nusu, na nusu iliyobaki naitafuta hapa hapa Mombasa.