Shosho Halipi Nauli

Nilipomwambia baba nimepata nafasi chuoni kusomea utengenezaji wa gemu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mtihani wenu ni kucheza?"

Baba ni makanga. Ameshika mlango wa matatu tangu kabla sijazaliwa, na karo yangu ya kwanza ilitoka kwa noti za mia mia zilizokunjwa kwa urefu, vile makanga hukunja. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Wiki ya kwanza mwalimu alituuliza kila mmoja anataka kutengeneza gemu gani. Karibu darasa zima tulisema GTA, lakini ya Nairobi. Akasema sawa, tuanze na matatu moja tu. Abiria akishuka kabla haijasimama, anaanguka ama anakimbia nayo hatua mbili? Nani anachora viti? Nani anarekodi honi? Mvua ikinyesha, nauli inapanda? Tulipofika swali la thelathini, hakuna aliyetaka Nairobi nzima tena.

Kozi yenyewe ni hiyo, maswali madogo madogo mpaka kichwa kiume. Ukitaka gemu iende fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina kama milisekunde 16 za kupanga kila kitu kabla ya picha inayofuata. Laptopu yangu ya mtumba, RAM 4GB, ilikuwa inapumua kama nduthi iliyobeba watu watatu mlimani, kwa hivyo nililala maabara mara nyingi kuliko nyumbani. Tulipokata tamaa tulikumbushana kwamba Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunafundishwa kufunga kamba za viatu.

Mwaka wa tatu tuliwekwa vikundi vya watu wanne. Mmoja aliandika kodi, mmoja alichora, mmoja alishika sauti, na mimi nikapewa kanuni za mchezo na maneno. Nilichagua kitu ninachokijua. Wewe ni makanga wa matatu ya watu 14, kutoka Kayole hadi tao. Unakusanya nauli, unakumbuka nani amekupa ngapi, na unarudisha chenji kabla mtu hajashuka. Ukifika bila hesabu ya mwenye gari kutimia, umefutwa kazi.

Kuna sheria moja ya kujaribisha gemu ambayo nilifundishwa na sijaisahau: mtu akicheza, nyamaza. Usimwelekeze. Gemu ikitoka hutakuwa pale kando ya kila mchezaji ukimweleza ulichomaanisha.

Jumapili moja nikampa baba simu, nikanyamaza.

Alikuwa mkali. Nilikuwa nimeweka alama juu ya vichwa vya abiria za kukukumbusha chenji ya kila mtu, na hakuziangalia hata mara moja. Halafu akafika Hamza, akapanda shosho na gunia la sukuma. Baba akamruka, akaitisha nauli ya aliyeketi nyuma yake. Tao, hesabu haikutosha. Umefutwa kazi. Akaanza tena, akamruka tena. Mara ya tatu vilevile. Nilikuwa nimekalia mikono yangu ili nisimwonyeshe pa kubonyeza.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake. "Aliyetengeneza hii hajawahi kubeba watu."

Akanieleza kwamba kila makanga wa njia ile ana shosho wake, anayeshuka Muthurwa alfajiri na siku zingine anarudi bila kuuza. Humtozi. Unajaza pengo kutoka mfuko wako, na mwenye gari hajui.

Kilichoniuma ni kwamba ile kanuni sikuwa hata nimeiamua. Niliandika tu "kila abiria ana nauli" kwa sababu ilikuwa rahisi kuhesabu, nikaendelea na kazi.

Muhula huohuo nilikuwa na deni la karo. Nilipojaribu kujiandikisha kwa mitihani, ukurasa ukakataa. Nikaenda dirishani. Yule mama wa pale alinionea huruma kabisa, hata akajaribu mara mbili, kisha akanigeuzia skrini ili nijionee. "Mfumo haukubali," akasema. Nilitembea hadi steji nikiwaza kwamba hata hiyo kanuni kuna mtu aliiandika, pengine jioni amechoka, akaendelea na kazi.

Baba alianza kushika gari la usiku pia. Baada ya wiki kadhaa nilimwona amelala akiwa ameketi, kikombe cha chai mkononi, ndipo nikamwambia aache, kozi imenichosha, sirudi. Hilo la kunichosha lilikuwa uongo. Sijui kama aliamini. Hatujawahi kulirudia.

Kikundi changu kiliwasilisha gemu na jina langu likabaki mwishoni pamoja na yao. Siku hizi naandikia watu makala kwa malipo ya kila neno. Usiku, kazi ikiisha, nafungua Godot, ambayo ni ya bure, na kujenga ile gemu upya polepole. Sasa makanga anaweza kutoa pesa zake mwenyewe. Humpati shosho akikuletea zawadi baadaye, wala huongezewi pointi. Pesa inatoka tu. Msee tuliyekuwa naye kwenye kikundi ananiambia hakuna mchezaji atabonyeza kitufe kisichompa kitu. Labda ni kweli. Nimekiacha.

Juzi baba aliniuliza kama yule shosho bado anatozwa.

"Hapana. Unaweza kumlipia."

"Na mwenye gari anajua?"

"Hajui."

Akacheka, akanyoosha mkono kuitisha simu.